Maswali Matatu Penye Tanuru la Babu

Siku ile tulikuwa sita penye tanuru: mimi Sabina, mdogo wangu Desideri, aliyetoka machungani na fimbo yake mkononi, Odila, kitinda mimba wetu, amelala kwenye khanga, bibi yetu Yustina, mama wa baba, Shangazi Tekla, jirani yetu, na Bwana Ramadhani wa Majengo, mjini Sumbawanga, ambaye hakualikwa na mtu. Aliletwa na mvua. Katika hao sita tumebaki wawili, mimi na Odila, na Odila alikuwa usingizini.

Niliwakumbuka wote mwezi uliopita, nilipopita kando ya shamba la watu nikasikia harufu ya nyasi zinazooza ndani ya udongo. Ninyi wa rika langu mliokulia huku juu mnaijua. Ni harufu nzito, inakaribia harufu ya pombe ya ulezi siku ya pili yake, na ina baridi ndani yake. Mvua zikikaribia kwisha tuligeuza nyasi pamoja na mizizi yake, nyasi ndani, udongo juu, tukafanya matuta ya duara ambayo Wafipa tunayaita intumba. Juu yake tulipanda maharage. Nyasi zilioza polepole chini, na mvua za mwaka wa pili zilipofika tulibomoa matuta, tukatawanya udongo mweusi, tukamwaga ulezi. Kwa hiyo aliyelala mwaka huu aliona njaa mwaka ujao, wala hakuwa na njia ya kuwahi tena.

Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko juu ya kijito, na katikati yake lilisimama tanuru la babu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, urefu wake watu wawili wakibebana, na chini lilikuwa na milango midogo pande zote ya kuingizia upepo. Upande wa juu ulikuwa umevunjika. Sisi watoto tuliingia ndani kwa kutambaa, tukakaa tukitazama wingu likipita kwenye lile tundu la juu. Ndani kulinuka moshi wa zamani sana, moshi uliopoa. Nje yake tuliokota mavi ya chuma, vipande vyeusi vyenye kung'aa, tukayachezea kama ng'ombe. Desideri alikuwa na zizi la ng'ombe hamsini wa namna hiyo, na kila mmoja alikuwa na jina.

Baba alikufa kwa kifua. Mwaka uliofuata mama alikufa na mtoto tumboni. Niliacha shule darasa la tatu, na sikulia, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kulia. Odila alikuwa bado ananyonya na ilibidi nimpe uji kwa kidole. Siku ya kumaliza matanga baba mdogo, aliyeishi Mwazye, alituita mimi na bibi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Nawapa mwaka mmoja. Mwakani shamba lisipogeuzwa kabla ya Pasaka, Desideri atakuja kuchunga ng'ombe wangu, Odila atakwenda kwa masista, na wewe Sabina, wewe si mtoto tena, utapata pa kwenda." Nilielewa maana ya kupata pa kwenda. Nilijiapia moyoni kwamba sisi watatu tutalala chini ya paa moja mpaka nitakapokufa.

Lakini kugeuza shamba zima ni kazi ya watu wengi, na watu wengi huitwa kwa pombe, na pombe hutoka kwenye ulezi. Mwaka ule wa msiba hatukugeuza chochote, kwa hiyo hatukuwa na ulezi, kwa hiyo hatukuwa na pombe, kwa hiyo hapakuja mtu. Alikuja Shangazi Tekla peke yake. Tulimwita shangazi ingawa hatukuwa damu moja. Alizaliwa uani kwetu, kwa sababu baba yake alimchomea babu mkaa. Alikuja na jembe lake begani siku nne mfululizo, bila pombe, bila hata maharage ya kutosha. Nilipomwambia sina cha kumpa alisema, "Una mikono. Utanilipa siku kwa siku." Siku nne za mwanamke mmoja na msichana mmoja ziligeuza kipande kisichozidi uwanja wa kanisa. Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu.

Siku ya tano mvua ikatukusanya sote ubavuni mwa tanuru, na Bwana Ramadhani akatokea kwenye ukungu akisukuma baiskeli iliyojaa tope mpaka kwenye kiti.

"Hodi wenye nyumba."

"Karibu," Shangazi Tekla akasema. "Paa hatuna, lakini ukuta ni wetu. Na hiyo baiskeli, umeipanda au imekupanda?"

"Tunapokezana, shangazi. Milimani ni zamu yake." Akamgeukia bibi. "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Alikuwa kijana wa duka. Baba yake alikuwa na duka na lori, na yeye alisoma mpaka darasa la nane, lakini ile miezi alikuwa ameacha kuuza vitambaa, anazunguka vijiji kwa ajili ya Chama kilichodai Uhuru. Alitafuta mahali pa kufanyia mkutano. Kwenye uwanja wa baraza jumbe alimkatalia. Alituambia hayo akicheka, anapangusa miwani kwa ncha ya shati. Kisha akauliza kile kitu tulichokiegemea ni nini.

Bibi alijibu kwa Kifipa, mimi nikatafsiri: ni tanuru la chuma, la mume wake Kazumba. Majembe yote ya bonde hili yalitoka humu.

Bwana Ramadhani akaweka viganja viwili kwenye ule udongo. Alikaa hivyo muda mrefu, maji yanamchuruzika shingoni. "Sisi dukani majembe yanakuja kwenye makasha," alisema. "Nilisoma miaka minane. Hakuna siku hata moja niliyoambiwa kwamba watu wa hapa walifua chuma. Niliambiwa tulikuwa tumekaa tu." Nawaambia haya ili msije mkadhani alikuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyenyimwa kitu, amekiona ghafla, anataka kukipokea chote kwa mara moja.

"Nani alilivunja huko juu?" akauliza.

"Aliyelijenga," bibi akasema, na mimi nikatafsiri.

"Haiwezekani. Hakuna mtu anayevunja kazi ya mikono yake." Akafikiri. "Wajerumani walipita hapa?"

"Walipita."

"Basi." Alisema kama mtu aliyemaliza hesabu. "Na mzee mwenyewe?"

"Alikufa kwenye mkeka wake, kwa kikohozi. Uji wa mwisho nilimnywesha mimi."

Bwana Ramadhani akaniangalia kwa huruma, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi amechoka." Halafu akaeleza mpango wake. Mkutano ufanyike hapa, kwenye shamba letu, ambapo jumbe hana neno. Watu waone tanuru kwa macho. Waambiwe kwamba fundi Kazumba alikataa kuwafulia Wajerumani, nao wakamwua na kulivunja tanuru. Na anayefaa kuwaambia ni mjukuu wake. Yeye kwa upande wake atawaleta vijana wa Chama na majembe, shamba zima, siku mbili.

Nikageuka nikalitazama shamba mpaka kijitoni.

"Kwenye habari hiyo kuna mtu mwingine," Shangazi Tekla akasema. Hakuwa anacheka tena.

"Atapata siku yake, shangazi. Mkutano mmoja, jina moja. Watu hawawezi kubeba mawili."

"Baba yangu alibeba zaidi ya hayo," akasema, akachukua jembe lake, akaondoka mvuani.

Jioni, tukichambua maharage, nilimwuliza bibi maana ya maneno yale. Alinieleza taratibu, mikono yake haikuacha kazi. Wakati wa vita vile vya kwanza, Mjerumani alipokwisha kukimbia, Mwingereza alitaka wapagazi wa kubeba risasi na unga kwenda kusini. Kila kaya ilitakiwa kutoa mwanamume mmoja. Kwetu aliitwa babu. Lakini tanuru lilikuwa limejaa, moto umewashwa, na mwenye tanuru haondoki likiwa na moto, kama vile mume haondoki siku ya harusi. Hivyo ndivyo bibi alivyosema. Akamwomba mchoma mkaa wake aende badala yake, akamwahidi kwamba jembe la kwanza kutoka kwenye moto ule litakuwa la binti yake, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mtu yule akaenda. Hakurudi. Alianguka njiani na mzigo kichwani, wenzake wakaambiwa waendelee. Habari zilipofika, babu alichukua nyundo, akapanda, akavunja tanuru kwa mkono wake mpaka kiganja kikapasuka, na hakufua tena chuma maisha yake yote.

Sasa niwaambie nilivyokuwa mimi. Kitu nilichokijua vizuri kuliko vyote ni katekisimu. Katekista alituuliza na sisi tukajibu, swali moja lina jibu moja, na aliyejibu vingine alipigwa fimbo ya miguu. Mimi sikupigwa hata mara moja. Nilidhani mambo ya zamani nayo yako hivyo: yameandikwa mahali, yana jibu moja, na wanaolijua ni waliosoma. Bibi hakusoma. Bwana Ramadhani alisoma miaka minane na alikuwa na miwani. Kwa hiyo, bila nia mbaya yoyote, nilimwambia bibi, "Huenda umesahau, bibi. Ni zamani sana."

Bibi akatazama viganja vyake. "Huenda," akasema. "Na hii mikono iliyomfunga babu yako kidonda huenda imesahau nayo."

Nilimhurumia. Kweli nilimhurumia, kama unavyomhurumia mtu anayeanza kupotewa na akili.

Bwana Ramadhani aliporudi kunifundisha hotuba, nilimkatalia hotuba ndefu. Nilimwambia watu wetu hawasikilizi hotuba, wanajibu. Nikamtungia mwenyewe, pale pale, maswali matatu. Alinitazama mdomo wazi, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Binti, wewe ungekuwa mjini ungetufukuza kazi sote." Nilifurahi siku nzima. Tangu mama afe hakuna mtu aliyeniambia kwamba nina akili.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa. Sikuona watu wengi namna ile tena mpaka siku ya Uhuru. Walikuja na nguo za kanisani, wanawake na watoto migongoni, wazee na fimbo zao, na karani wa boma la Mwingereza alikaa kwenye kiti pembeni akiandika. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwa nini ubaya wote alibebeshwa Mjerumani. Mjerumani hakuwa na karani pale. Jua lilikuwa limetoka, nyasi zinatoa mvuke, na upepo ule wa kwetu unapiga mashati. Walinipandisha juu ya rundo la mavi ya chuma. Nilivaa gauni la mama lililokunjwa kiunoni.

"Nani alijenga tanuru hili?" nikauliza kwa sauti ya katekista, kisha nikawafundisha jibu. "Kazumba."

"Kazumba," watu wakasema.

"Nani alilivunja?"

"Mjerumani."

"Nani alikufa hapa, asikubali kuinama?"

"Kazumba."

Mara ya kwanza walisema kama watu wanaojaribu chumvi. Mara ya tatu mlima wa ng'ambo ulirudisha sauti. Nilimwona mzee mmoja analia, mzee aliyemjua babu, aliyekunywa naye pombe miaka ishirini baada ya hicho kifo tulichokuwa tunakitaja. Alikuwa anajibu kwa nguvu kuliko wote. Hilo limenishangaza maisha yangu yote. Desideri, chini yangu, alijibu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Na nyuma kabisa nilimwona Shangazi Tekla amesimama na mdomo uliofungwa, mkono mmoja umeshika kitenge kifuani. Watu waliokuwa karibu naye walimgeukia. Nikarudia swali la tatu, nikimtazama yeye. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Hakujibu.

Jumatatu vijana walikuja zaidi ya thelathini, na ngoma. Sijawahi kuona kazi tamu kama ile. Walipanga mstari kutoka kijitoni mpaka kwenye njia, wakageuza nyasi kwa mpigo mmoja, udongo ukapinduka mweusi unang'aa, na mafuta ya ardhi yakanuka mpaka nyumbani. Odila alikimbia kutoka tuta moja hadi jingine akipanda juu na kuruka. Waliimba wimbo waliotunga usiku huohuo wa Jumapili, na ndani yake mlikuwa na maswali yangu. Bibi alipika maharage kwenye chungu cha matanga, chungu kikubwa pekee tulichokuwa nacho. Aliwapakulia akitabasamu kwa kila mmoja, na hakusema neno kuhusu babu, siku ile wala baadaye.

Na Shangazi Tekla alikuja. Alisimama mwisho wa mstari, akageuza sehemu yake, jasho likimtoka, kama alivyofanya siku zile nne. Vijana walipokwenda, nilimkuta kijitoni anaosha jembe.

"Shangazi, umenikasirikia?"

"Nimekuja kulima au sikuja?"

"Umekuja."

"Basi."

Nikasimama pale. Maji yalikuwa ya baridi, yanaumiza vifundo vya miguu. Nikamwambia, "Bwana Ramadhani anajua, amesoma. Bibi amezeeka."

Akasugua jembe kwa mchanga. "Unajua baba yangu aliitwa nani?"

Sikujua. Maisha yangu yote nilisikia "mchoma mkaa" au "baba yake Tekla". Nilitafuta kichwani kama mtoto anayetafuta jibu katekista akiwa amekwisha kuinua fimbo, na hapakuwa na kitu. Ndipo nikaona nilichofanya. Kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya nchi nzima nikasema nani alikufa, na aliyekufa hata jina lake sikulijua.

"Aliitwa Malambo," akasema. "Mama yangu alinifundisha. Mimi sura yake sina. Sina kaburi. Nilikuwa nina kitu kimoja tu, kule kufa kwake, kwamba alikwenda mahali pa mwenzake. Jana umekichukua ukampa yule yule aliyemtuma."

"Nitarudisha, shangazi. Kesho nitamwambia Bwana Ramadhani."

"Akikasirika atawaambia vijana waje kubomoa matuta?" Alitabasamu kidogo. Hakuwa ananidhihaki. "Nyamaza, Sabina. Baba yako mdogo akija akute shamba limegeuzwa. Siku nne ulizonikopa utanilipa kwa jembe. Hii nyingine si ya jembe. Siku moja utasimama pale pale, mbele ya watu, utaje Malambo. Na wao waitikie, kama walivyoitikia jana. Kusema peke yako si kitu, hata ndege anasema."

Baba mdogo alikuja Jumamosi Kuu. Alizunguka shamba lote mikono nyuma, akapiga tuta moja kwa kisigino, akasema, "Haya." Akaondoka bila kumchukua mtu. Mwaka uliofuata tulipata ulezi wa kujaza kihenge na wa kupikia pombe, na siku nne za Shangazi nilizilipa, nikaongeza mbili ambazo alizikataa.

Hatukutengana. Nililala chini ya paa moja na wadogo zangu mpaka Odila alipoolewa na Desideri akaenda chuo cha ualimu. Uhuru ulipofika tulicheza ngoma penye tanuru, na maswali yangu yaliulizwa na kujibiwa na watu ambao hawakujua yalitoka wapi. Bwana Ramadhani alinipungia mkono kutoka juu ya lori la baba yake. Nilikuwa na furaha siku ile, sitasema uongo. Nilipanda juu ya rundo, nikafungua mdomo niseme jina, na kelele zilikuwa nyingi, na kila mtu alikuwa mzuri. Nikashuka. Shangazi Tekla alinipa kata ya pombe.

Desideri aliyafundisha maswali yangu darasani miaka yake yote ya kazi. Nilipomweleza ukweli alisema, "Dada, nikiwafundisha vingine watakosa kwenye mtihani." Alikuwa mwalimu mzuri, aliyewapenda wanafunzi wake. Shangazi alizikwa kabla yake. Kaburini nilitaja jina la baba yake kwenye sala, lakini tulikuwa watu kumi, na padri alikuwa na haraka.

Kiangazi kilichopita mwalimu kijana aliwaleta watoto wa shule kuona tanuru. Siku hizi limezungushiwa uzio, na kuna bati lenye jina la babu. Aliniomba, kama mjukuu, niwaambie maneno machache. Nililetewa kiti, nikakataa, nikasimama. Nikawaambia habari yote kama bibi alivyonieleza, taratibu, mpaka mwisho. Walinisikiliza vizuri, watoto wenye adabu. Halafu nikauliza kwa sauti iliyobaki, "Nani alikwenda badala ya Kazumba?" Nikawapa jibu mwenyewe. "Malambo."

Walinitazama. Mtoto mmoja wa mbele aligeuka kumwangalia mwalimu wake, mwalimu akaliangalia bati. Kisha akapiga makofi, na wote wakapiga makofi, wakaniambia asante bibi, wakapanga mstari kurudi shuleni. Wakishuka mteremkoni niliwasikia wanaimba ule wimbo wa vijana, na ulipofika kwenye maswali wakajibu kwa nguvu. Nilikaa pale mpaka sauti zao zikapotea.